Sura ya Kitabu na Sura ya Mtu

Mchoraji wa vitabu vya hadithi hufanya kazi ambayo msimulizi wa mdomo halazimiki kuifanya. Msimulizi akisema palikuwa na bibi aliyeishi peke yake kando ya mto, amemaliza. Kila msikilizaji hujitengenezea bibi wake kichwani, na hakuna anayemwuliza jirani kama bibi wake ni mrefu au mfupi. Mchoraji akipewa sentensi hiyo hiyo hana budi kuamua. Bibi amejifunga kanga au kitenge? Bado ana meno? Nyumba yake imeezekwa kwa nyasi au kwa bati? Majibu hayamo katika maandishi, na yakishachorwa hayarudi nyuma: mtoto aliyekisoma kitabu hicho atabaki na bibi huyo mmoja hata akizeeka.

Picha ya hadithi, basi, husema zaidi ya ilivyoagizwa. Mchoraji ana haki gani ya kuziba nafasi ambayo neno liliiacha wazi? Kwa mchapishaji hilo ni swali la ufundi, na kwa mwalimu ni swali la malezi. Waliolijadili kwa muda mrefu zaidi na kwa uchungu zaidi ni watu wa dini, kwa kuwa kwao kilichoachwa wazi ni uso wa Mungu, wa mtume, au wa roho ya mtu. Anayekosea hapo hajaharibu ukurasa tu. Amewapotosha watazamaji wake.

Kiswahili kina neno moja, sura, kwa uso wa mtu na kwa fungu la kitabu. Kwa Kiarabu hayo ni maneno mawili, moja likiandikwa kwa herufi swadi na jingine kwa sini. Yalipoingia katika Kiswahili yakatamkwa namna moja. Ni bahati ya matamshi, wala haithibitishi jambo lolote, lakini inaieleza vizuri kazi ya mchoraji: anapokea sura ya kitabu na anatakiwa atoe sura ya mtu. Mzizi wa sura ya uso ndio uliozaa taswira, na ndio uliozaa Al-Musawwir, Mtia Sura, mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Kiarabu humwita mchoraji kwa neno hilo hilo, musawwir. Uzito wa swali unaanzia hapo, kwa kuwa kiumbe anaitwa kwa jina la kazi ya Muumba wake.

Jijini Mbeya swali hili lina makazi. Mwanjelwa ni mtaa na soko kando ya barabara kuu iendayo Zambia, na soko lolote la namna hiyo ni maonyesho ya picha yasiyo na kiingilio. Kuna kalenda zenye picha za dini, madaftari yenye wanyama kwenye jalada, vibao vya saluni vilivyochorwa kwa mkono, na kanga. Kanga inastahili kutazamwa mara mbili, maana ina neno na ina pambo, lakini havifasiriani. Jina la kanga linaweza kuwa la kumsuta jirani huku katikati ya nguo pakiwa na korosho au maua, na hakuna mnunuzi anayeona kasoro. Katika kitabu cha hadithi jambo hilo haliwezekani. Picha ya ua mahali ambapo maandishi yanasema wifi kakasirika itamfanya mtoto adhani amekosea kusoma.

Hapo hapo Mbeya zinaishi jirani namna tofauti kabisa za kuitazama picha. Msikiti hauna picha ya kiumbe. Kanisa la Moravian, ambalo makao ya Jimbo lake la Kusini Magharibi yako jijini humo, huwa na kuta zisizo na mapambo mengi. Kanisa Katoliki lina Njia ya Msalaba ukutani, vituo 14 vya picha vinavyosomwa kwa kutembea. Watoto wa nyumba hizi hutengana kwa ajili ya madrasa, Shule ya Jumapili na mafundisho ya Komunyo, kisha Jumatatu huketi dawati moja na kufunua kitabu kimoja cha kiada chenye picha zile zile. Mchoraji wa kitabu hicho anawachorea wote, ajue asijue.

Ardhi yenyewe ilikuwa na majibu kabla ya dini hizo kufika. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya matambiko yaliyofanywa kwenye misitu mitakatifu. Utakatifu ulikaa mahali, kwenye miti na kivuli chake, bila kuhitaji uso. Upande wa Iringa, huko Igeleke karibu na mji, ipo michoro ya kale kwenye mwamba. Waliochora walikuwa na macho makali na mkono uliotulia, lakini hawakuacha neno, na leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika kisa chake. Michoro imebaki, usimulizi umekufa. Hili ni muhimu kwa yeyote anayesema kwamba picha inajitosheleza: picha inaweza kudumu maelfu ya miaka na bado isiweze kusema nani alimfanya nini nani, na kwa nini.

Msimamo wa Kiislamu mara nyingi hufupishwa kuwa katazo, na ufupisho huo hauutendei haki. Hadithi za Mtume zinaonya kwamba watia sura wataambiwa Siku ya Kiyama wavitie uhai walivyovichora, nao hawataweza. Imamu Nawawi, aliyefariki 1277 na ambaye vitabu vyake husomwa sana na wanafunzi wa madhehebu ya Shafii Afrika Mashariki, alilichukua onyo hilo kwa ukali kuhusu viumbe vyenye roho. Hata hivyo katika mapokeo hayo hayo kuna kisa cha fundi aliyemwendea Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akaeleza kwamba riziki yake inatokana na kuchora. Ibn Abbas hakumwambia aache kazi. Alimwelekeza achore miti na vitu visivyo na roho. Tena imepokewa kwamba Bi Aisha, mke wa Mtume, alikuwa na wanasesere wa kuchezea, na wanazuoni wengi wakaona humo ruhusa kwa ajili ya malezi ya watoto. Kwa maneno mengine, fikra hii ilijua tangu mapema kwamba mtoto ana mahitaji yake na fundi ana tumbo lake. Kilichokatazwa ni kujidai: kufanya umbo kisha kusimama mbele yake kana kwamba limepewa uhai.

Palipochorwa viumbe katika ulimwengu wa Kiislamu, hofu hiyo ilizaa ufundi. Katika kitabu cha Siyer-i Nebi, kilichokamilishwa Istanbul mwaka 1595 kwa amri ya Sultani Murad wa Tatu, maisha ya Mtume yamesimuliwa kwa mamia ya picha, na katika picha hizo uso wake umefunikwa shela nyeupe. Kisa kinaendelea, farasi wanakimbia, masahaba wanaonyesha mshangao, na katikati pameachwa mahali ambapo jicho haliruhusiwi kuingia. Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakufuata njia hiyo. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, imepambwa kwa nakshi na rangi bila kiumbe hata mmoja. Shela ile, hata hivyo, inafundisha jambo ambalo mchoraji wa dini yoyote anaweza kulitumia: pengo lililowekwa kwa makusudi ni sehemu ya usimulizi.

Wakristo nao hawakuafikiana haraka. Amri ya kutojifanyia sanamu, katika kitabu cha Kutoka, ilikuwa mbele yao. Karibu na mwaka 600 Papa Gregori wa Kwanza alimwandikia askofu wa Marseille aliyevunja picha kanisani mwake, akimweleza kwamba asiyejua kusoma husoma kwa kuangalia ukutani. Mwaka 692 mtaguso uliokutana Konstantinopoli uliagiza Kristo achorwe kwa umbo la mtu, wala asiwakilishwe tena na mwanakondoo. Muda si mrefu ukafuata mgogoro wa Bizanti, picha zikavunjwa na watu wakateswa kwa ajili yake, na katikati yake Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ukatenganisha heshima inayopewa picha na ibada ambayo ni ya Mungu peke yake.

Hoja ya Gregori imerudiwa mno, na ina udhaifu mmoja: inadhani picha hubeba maneno yale yale kwa ajili ya wasiojua herufi. Njia ya Msalaba inaonyesha vingine. Kituo cha sita ni cha Veronika, mwanamke anayempangusa Yesu uso kwa kitambaa, na uso ukabaki umechapwa pale. Kisa hicho hakimo katika Injili hata moja kati ya nne. Kililelewa na ibada na picha, na leo muumini wa Mbeya aliyesimama mbele ya kituo hicho tangu utotoni anakijua kama anavyokijua kisa cha Petro na jogoo. Picha haikutumikia maandishi. Imesimulia kisa chake yenyewe, tena kisa kinachohusu jinsi uso unavyohamia kwenye nguo. Hakuna ubaya wa lazima katika hilo, lakini anayefundisha uchoraji wa vitabu hawezi kuendelea kusema kwamba picha ni mtumwa wa neno.

Historia ya Nyanda za Juu Kusini inatoa mfano mzuri kuliko yote, ingawa huko kwenyewe hautajwi sana. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakiongozwa na Theodor Meyer. Kanisa lao linajihesabu kuwa mrithi wa Umoja wa Ndugu wa nchi za Bohemia na Moravia, na mmoja wa maaskofu wa mwisho wa Umoja ule wa zamani alikuwa Jan Amos Comenius, aliyezaliwa 1592 na kufa uhamishoni 1670. Comenius alikuwa mwalimu kuliko yote. Mwaka 1658 kilichapishwa Nuremberg kitabu chake cha Orbis Sensualium Pictus, kwa Kilatini na Kijerumani, ambacho wanahistoria wengi wa elimu hukitaja kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya kiada vyenye picha vilivyotungwa mahsusi kwa watoto. Kila somo lina picha, vitu vilivyomo ndani yake vimepewa namba, na namba hizo zinarudi katika maandishi, ili mtoto aone kinu na neno kinu kwa pamoja.

Kwa mkate, jembe, meli na duka la fundi viatu, utaratibu huo haukuwa na tatizo. Lakini Comenius alitaka kitabu chake kiubebe ulimwengu wote, na ulimwengu wa askofu una vitu visivyoonekana. Alipofika kwa Mungu hakuweka mzee mwenye ndevu. Aliweka duara la mwanga na jina takatifu la Kiebrania. Alipofika kwa roho ya mwanadamu alifanya jambo ambalo bado linashangaza baada ya zaidi ya karne tatu na nusu. Pana kitambaa kilichotandazwa, na juu yake umbo la mtu limechorwa kwa nukta tu. Hakuna mwili wala kivuli, na uso hauna macho. Mtoto anaona kwamba kuna mtu, na papo hapo anaona kwamba haonekani. Picha imetimiza wajibu wake wa kuonyesha, na imekiri mpaka wake ndani ya mstari ule ule.

Kukiri huko ndiko kunakokosekana katika picha nyingi za dini zilizosambaa karne ya 20. Mwaka 1940 Warner Sallman, mchoraji wa matangazo na magazeti wa Chicago, alichora kichwa cha Kristo mwenye nywele ndefu za rangi ya asali na ngozi nyeupe, akikuza mchoro aliokuwa ameutengeneza kwa ajili ya jalada la gazeti la kanisa. Nakala zake zilichapwa kwa mamia ya milioni. Uamuzi wa mtu mmoja, uliofanywa kwa ajili ya wasomaji wa mji wake, ukageuka kuwa uso ambao watu wengi duniani, Afrika Mashariki ikiwemo, wanautambua mara moja kana kwamba umepigwa picha kwa kamera. Sallman hakudanganya, Injili haisemi lolote kuhusu rangi ya nywele. Kosa lilikuwa la waliousambaza bila kumwambia mtazamaji kwamba huo ni uso wa kubuni.

Linganisha na kazi iliyofanyika kaskazini mwa Kamerun katika miaka ya 1970, inayojulikana kwa jina la Jesus Mafa. Wakristo wa jamii ya Wamafa waliigiza wenyewe visa vya Injili, wakapigwa picha wakiigiza, kisha mchoraji Mfaransa akachora kutokana na picha hizo. Yesu hapo ni mtu mweusi aliyevaa joho jekundu, mikutano inafanyika chini ya mti, na nyumba ni za udongo. Huyu naye ni wa kubuni. Tofauti ni kwamba kijiji kizima kilijua kinabuni, na kila mmoja aliweza kutaja ni nani aliyesimama mahali pa nani. Kwa hiyo kusema kwamba jawabu la uso mweupe ni uso mweusi ni kusema nusu. Jawabu kamili linadai mtazamaji asaidiwe kujua kwamba uso, wa rangi yoyote, umetolewa na mtu aliyechagua.

Ipo njia nyingine ya kulikabili jambo hili, na kwa ngano za Kiafrika ni njia ya kawaida kabisa: kumpa mnyama nafasi ya mtu. Sungura na fisi hawana kabila, hawana dini, na hakuna familia itakayolalamika kwamba waliochorwa ni wao. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, amejenga juu ya msingi huo vitabu vya watoto vilivyotafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya. Anatumia mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru kwa rangi za mafuta, na wanyama wake wamevaa nguo, wanavua samaki, wanauza sokoni, wanasalitiana na kupatana. Nguo zile ndizo ufundi wenyewe. Zinamwambia mtoto kwamba huyu sokwe ni mtu fulani, lakini hazimwambii ni yupi. Ni jawabu linalofanana na la Wamoravian, ambao nembo yao mpaka leo ni Mwanakondoo aliyebeba bendera, licha ya mtaguso ule wa 692.

Mafunzo ya wachoraji yameligusa swali hili kwa viwango tofauti. Njia iliyo karibu na wengi ni uanagenzi. Kijana hukaa na fundi wa vibao, anaanza kwa kusafisha brashi na kupaka rangi ya chini, kisha anapewa herufi, na mwishoni kabisa anaruhusiwa kuchora kichwa cha mteja aliyenyolewa vizuri. Mpangilio huo, herufi kwanza na uso mwisho, una busara: fundi anajua kwamba uso ndio unaoharibika upesi. Kinachokosekana ni kisa. Kibao kinatangaza jambo moja na kunyamaza, na aliyefundwa kwa vibao pekee akipewa hadithi ya kurasa 24 atachora vibao 24.

Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, alianzia upande wa pili. Aliwasimulia wanafunzi kisa au hali kwa maneno, kisha akawaacha wachore walichokiona akilini, bila kuwawekea kielelezo cha kunakili. Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro alisoma huko na kufundisha huko, na mandhari zake za watu wakilima, wakichuma na wakijenga pamoja zimejaa watu wengi ambao nyuso zao hazikupewa kipaumbele. Kinachosimuliwa ni kazi yao. Njia ya Trowell ilikosolewa kwa kuwachelewesha wanafunzi wasifundishwe vipimo vya mwili na umbali, na ukosoaji huo una haki yake. Lakini kwa mchoraji wa vitabu alikuwa ameshika jambo la kwanza: kusikia kabla ya kuchora.

Tanzania ilipata mahali pa kujifunzia uchoraji wa vitabu hasa kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ambao uliendesha warsha za waandishi, wachoraji na wachapishaji. Mambo yanayofundishwa katika mafunzo ya aina hiyo yanaonekana madogo, na hayo ndiyo yanayokibeba kitabu. Karatasi kubwa ya kiwandani ikikunjwa hutoa kurasa 8 au 16, ndiyo maana vitabu vya watoto huwa na kurasa 16, 24 au 32. Mchoraji lazima akigawe kisa katika idadi hiyo. Anachora kwanza vijipicha vidogo vya kurasa zote kwenye karatasi moja ili aone mwendo. Anahakikisha gauni la msichana halibadiliki rangi kati ya ukurasa wa 5 na wa 6. Anajifunza kwamba kufunua ukurasa ni pumzi ya hadithi, na kwamba jambo la kushtua likae upande wa pili wa karatasi.

Kisha anafika kwenye kuchagua tukio, na hapo ufundi unarudi kuwa falsafa. Mwandishi Mjerumani Gotthold Lessing, katika kitabu chake Laokoon cha mwaka 1766, alisema mchoraji ana punje moja tu ya wakati, basi asichague kilele. Mtazamaji akishaonyeshwa kilele hana pa kwenda na fikra zake. Mwalimu wa madrasa na mchungaji wa Moravian wangefika mahali hapo kwa njia nyingine. Fisi achorwe akiwa bado ananusa chungu, kabla hajaanguka ndani. Mama aliyefiwa achorwe mgongo. Malaika awe mwanga mlangoni na mbuzi waliogeuza vichwa. Uamuzi wa namna hii haumpunguzii mtoto kitu, na unamwezesha mtoto wa kila nyumba ya Mwanjelwa kuufunua ukurasa bila kulazimika kuchagua kati ya kitabu na nyumba yake.

Haiwezekani mchoraji aliyepewa orodha ya picha bila muswada afanye uamuzi huo. Wachapishaji wampe maandishi yote, na wampe muda wa kuyasoma. Nao wanaofundisha uchoraji, vyuoni na kwenye warsha, wasiliache zoezi la Comenius hadi mwisho, kama wapo wanaolifikia. Liwekwe wiki ya kwanza, kabla ya vipimo vya mwili na kabla ya rangi: mwanafunzi achore roho ya mtu ili mtoto wa miaka saba aielewe, na asimdanganye. Zoezi hilo linahitaji penseli na karatasi moja, na linaweza kufanyika hata kwenye kibanda cha mchora vibao.